Nusu Ekari kwa Mwaka: Rekodi za Makaburini, Kuanzia Subukia

Baba mdogo hana futi kamba. Anapima kwa buti. Alianzia kwenye ua wa michongoma, akaja polepole akihesabu kwa sauti, akayazunguka makaburi mawili ya wazazi wake yaliyopakwa chokaa, akaendelea hadi karibu na choo, akasimama. Ishirini na sita. Akageuka kunitazama kama fundi aliyegundua kwamba mbao zimepungua. "Hapa," akasema, "ama nilale mimi, ama lisimame tanki la maji."

Ploti yenyewe ni futi hamsini kwa mia, juu kidogo ya mji wa Subukia, pale ambapo barabara ya kutoka Nakuru inaanza kujikaza kupanda mlima kuelekea Nyahururu. Babu alipata ekari mbili na nusu mashamba ya walowezi yalipokatwakatwa baada ya uhuru. Watoto wanane wakagawana, kila mmoja akaondoka na theluthi ya ekari, pungufu kidogo. Karo ya shule ikala kipande, hospitali ikala kingine, na kilichobaki mkononi mwa baba mdogo ni sehemu moja ya nane ya ekari: nyumba, zizi la ng'ombe mmoja, miparachichi miwili na wazazi wawili. Broka amekuja mara mbili. Kila akija anayatazama makaburi kwanza, ndipo anasalimu.

Swali la baba mdogo lilikuwa la tanki tu, lakini mimi niliondoka na lile kubwa zaidi, linaloulizwa Nairobi, Mombasa, Dar es Salaam na kwingineko: ardhi ya kuzikia itatosha hadi lini? Nikaanza kukusanya rekodi. Nani alizika mapema kuliko wote, nani amezika wengi, nani amejenga kwenda juu, nani amelipa zaidi, nani amekaa kaburini muda mfupi zaidi. Kabla ya kwenda mbali, nilianza na rekodi ya Subukia yenyewe.

Wachache kuliko wote

Ni rekodi ambayo hakuna anayejisifia. Katika sensa ya 2019, Subukia ndiyo iliyokuwa na watu wachache zaidi kati ya kaunti ndogo 11 za Nakuru: watu 85,164. Naivasha peke yake ilikuwa na zaidi ya mara nne ya hao.

Sasa chukua kalamu. Tuseme katika kila watu 1,000 wanafariki 7 kwa mwaka. Nimeichagua namba hiyo kwa ajili ya hesabu tu. Ukipenda weka 10. Kwa 7, Subukia inazika watu kama 600 kwa mwaka. Kila mmoja mpe futi 4 kwa 8, ongeza pa kupitishia jeneza, iwe futi 40 za mraba. Jumla ni futi 24,000. Ekari moja ina futi za mraba 43,560. Wafu wote wa Subukia wa mwaka mzima, tajiri na maskini, mtoto na ajuza, wanaenea katika nusu ekari na ushee. Ukiipeleka hesabu hiyohiyo kwa Kenya nzima, yenye watu milioni 47.5 kwa sensa ile, unapata kama ekari 300 kwa mwaka. Bonde la Ufa lina mashamba ya mwenye mmoja yanayozidi hapo mara nyingi, na wanaokaa humo ni ng'ombe.

Nilimpigia baba mdogo simu nikamsomea hesabu yangu kwa furaha ya mtu aliyepata jibu. Akanyamaza kidogo. "Hiyo nusu ekari," akauliza, "ni ya nani?"

Sikuwa na jibu, na kila rekodi niliyoikuta baadaye ilinirudisha kwenye swali hilo.

Wa kale kuliko wote

Mazishi ya kale zaidi yanayojulikana Afrika yako Kenya, katika pango la Panga ya Saidi, kaunti ya Kilifi. Ni ya mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, aliyezikwa miaka 78,000 hivi iliyopita. Watafiti waliotangaza habari zake mwaka 2021 walimwita Mtoto, kwa Kiswahili hichohicho. Alilazwa ubavu, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani, na jinsi mifupa ilivyokaa inaonyesha kwamba alifungwa kwa kitu na kichwa kikawekewa mto. Mto wenyewe ulioza zamani. Kilichobaki ni namna shingo ilivyoinama. Shimo lake ni dogo sana. Kama rekodi ni ya nafasi ndogo iliyotumiwa kwa upendo mwingi, sidhani itavunjwa.

Kisha njoo Lothagam, magharibi mwa Ziwa Turkana. Wafugaji wa kwanza wa eneo hilo, kati ya miaka 5,000 na 4,300 iliyopita, walijenga jukwaa la mviringo lenye upana wa mita 30 hivi na kuzika humo watu wasiopungua 580. Wanawake, wanaume, wazee na watoto wachanga wamo pamoja, wengi wamevaa shanga, na hakuna dalili kwamba kuna aliyetengewa pa heshima. Ndiyo makaburi makubwa na ya kale zaidi ya aina yake Afrika Mashariki. Kilichonishtua ni ukubwa wa mduara ule: haufiki robo ya ekari. Watu 580 ni karibu sawa na wale 600 niliowakadiria Subukia kwa mwaka. Wafugaji wasio na jembe la chuma waliwaweka mahali pamoja, pakawa pa wote.

Huku kwetu Nakuru nako hatuko nyuma. Hyrax Hill, ukitoka mjini kuelekea Nairobi, ina vichuguu vya mawe vya maziko ya kale ambavyo Mary Leakey alivichimbua 1937 na 1938. Karibu yake kuna mashimo ya bao yaliyochongwa kwenye mwamba, kwa hiyo inawezekana mtu alimzika ndugu yake asubuhi akacheza jioni. Lakini ninayotaka wasomaji wayakumbuke ni ya Njoro. Mwaka 1938, katika pango la Mto Njoro, akina Leakey walikuta mabaki ya watu kama 80. Walikuwa wamechomwa. Kila mmoja alionekana kuwekewa bakuli la jiwe, mchi na jiwe la kusagia, na shanga za mawe ya rangi kwa mamia. Umri wake ni miaka 3,000 hivi.

Rudia kusoma hapo. Miaka 3,000 iliyopita, umbali wa safari ya matatu mbili kutoka Subukia, watu walichoma maiti zao kwa heshima zote na kuweka majivu pangoni. Leo ukitaja moto kwenye kamati ya mazishi, mtu anauliza umeyatoa Ulaya lini.

Maana neno "jadi" tunalitumia ovyo. Wagikuyu wa zamani waliwazika wachache tu, hasa mzee mwenye mali na watoto. Wengine walipelekwa porini, mahali palipoitwa kĩbĩrĩra, na fisi wakamaliza kazi. Wamaasai walikuwa na desturi inayokaribiana na hiyo, na Wakalenjin wengi vilevile. Wamishonari na serikali ya mkoloni ndio waliosukuma shimo, sanduku na msalaba. Kwa familia nyingi zinazoishi Subukia leo, desturi ya kaburi shambani ni changa kuliko reli, ambayo ilifika Nakuru mwaka 1900.

Hata hivyo, desturi changa inaweza kuota mizizi haraka ikipata sababu. Kwa watu waliokuja Bonde la Ufa na hisa za kampuni ya kununua mashamba, kutoka Murang'a, Nyeri ama Kiambu, kaburi la kwanza lilikuwa muhuri. Kabla yake ulikuwa mgeni mwenye risiti. Baada yake watoto wako walikuwa na mahali pa kuonyesha kidole. Ndiyo sababu waliofukuzwa wakati wa ghasia za 1992, na wale wa 2007 na 2008, wakihadithia walichoacha hutaja nyumba, ng'ombe, kisha sauti inashuka: "na mama yuko huko."

Makubwa kuliko yote

Makaburi makubwa kuliko yote duniani ni Wadi al-Salaam, mjini Najaf, Iraq. Yana zaidi ya ekari 1,480 na waliozikwa humo wanakadiriwa kuzidi milioni 5, kwa sababu Washia wengi hutaka kulala karibu na kaburi la Ali bin Abi Talib. Watu wamezikwa humo kwa zaidi ya miaka 1,000 na bado wanazikwa. Ukigawanya, unapata zaidi ya watu 3,000 katika ekari moja. Kwa msongamano huo Subukia ingetumia chini ya robo ekari kwa mwaka. Siri yao ni vyumba vya chini ya ardhi vya familia, na kutoona haya ya kulaliana.

Marefu kuliko yote

Kwenda juu, bingwa ni Santos, Brazil. Jengo la Necrópole Ecumênica, lililofunguliwa 1983, lina ghorofa 14 za wafu, pamoja na bustani na maporomoko ya maji ya kutengenezwa, na kitabu cha rekodi cha Guinness kililitambua kuwa makaburi marefu zaidi duniani. Pelé alizikwa humo Januari 2023. Jengo liko jirani na uwanja wa Santos, klabu yake ya zamani, na inasemekana alikuwa amenunua nafasi ghorofa ya tisa kumkumbuka baba yake, aliyevaa jezi namba tisa.

Waswahili walikuwa wamepanda juu mapema zaidi, ingawa kwa lengo lingine. Makaburi ya nguzo ya Malindi, Mambrui na Kaole hayakuwa na shida ya ardhi. Nguzo ilikuwa ya fahari, ya kuonekana na mwenye jahazi akiwa bado baharini. Gedi kuna kaburi lenye tarehe, mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399, na wenye majumba yaliyolizunguka wametoweka bila anwani.

Rekodi ya kaskazini kabisa nitaipita haraka: Longyearbyen, katika visiwa vya Svalbard vya Norway, waliacha kuzika watu mwaka 1950 kwa sababu ardhi imeganda daima na maiti hazikuwa zikioza. Huo ni mji uliokuwa na nafasi tele na bado ukafunga makaburi yake.

Ghali kuliko yote

Kaburi ghali kuliko yote Kenya ni lile ambamo hakuna aliyezikwa.

Lang'ata, makaburi makuu ya umma ya Nairobi, yalifunguliwa 1958, na yalipoanza kujaa baraza la jiji likatafuta ardhi nyingine. Likanunua ekari 120 huko Mavoko kwa shilingi milioni 283. Baadaye ikabainika kwamba thamani yake ilikuwa kama shilingi milioni 24, na kwamba jembe likishuka kidogo linagonga mwamba. Futi sita hazichimbiki. Kesi iliburutwa kwa miaka, na mwaka 2018 karani wa jiji wa zamani na katibu wa zamani wa wizara ya serikali za mitaa wakahukumiwa kifungo. Jiji likaendelea kuzika Lang'ata, likitenganisha kaburi la muda na kaburi la kudumu, likibana wafu kati ya wafu.

Mimi ni mtu wa kalamu na karatasi, kwa hiyo nikagawanya tena. Milioni 283 kwa ekari 120 ni kama milioni 2.36 kwa ekari. Ekari moja, kwa zile futi 40 zetu, inaingiza makaburi zaidi ya 1,000. Kwa hiyo hata kwa ile bei ya wizi, ardhi ya mtu mmoja, kama ingechimbika, ingegharimu kama shilingi 2,200. Hiyo haitoshi kukodi mahema na viti vya siku ya mazishi. Jeneza la bei ya chini linaizidi mara kadhaa, na sijataja mochari, basi, chakula wala yule mpiga picha wa video. Ardhi ndiyo bidhaa nafuu kuliko zote katika mazishi ya Mkenya, na ndiyo iliyoleta watu wazima kizimbani.

Katiba ya 2010 iliyakabidhi makaburi kwa kaunti. Ukifungua Jedwali la Nne, utayakuta chini ya huduma za afya, pamoja na nyumba za maiti na mahali pa kuchomea maiti, na kipengele kinachofuata moja kwa moja ni uzoaji wa taka. Sidhani aliyeandika alikusudia lolote, lakini mpangilio huo unafanana na jinsi tunavyoyafikiria. Nakuru imekuwa jiji tangu 1 Desemba 2021. Miji inapopandishwa hadhi watu huuliza kuhusu barabara, mataa na uwanja wa mpira. Sijawahi kumsikia mgombea akiahidi makaburi.

Baba mdogo naye ana maneno yake kuhusu makaburi ya umma. "Pale wanazikwa watu wasio na kwao." Aliyasema bila dharau, kama mtu anayeeleza kanuni ya barabarani.

Wenye nafasi tele

Kuna wafu wa Nakuru wasio na shida ya mita. Rais Daniel arap Moi alizikwa Kabarak tarehe 12 Februari 2020, kando ya mkewe Lena, kwenye ardhi yake mwenyewe. Lord Delamere, baba wa walowezi, yuko Soysambu tangu 1931, na ziwa Elmenteita liko mbele yake. Rekodi ya mpangilio nampa Diana Delamere, mke wa mwanawe, aliyefariki 1987: yuko Ndabibi, Naivasha, katikati ya waume zake wawili, Gilbert Colvile upande mmoja na Tom Delamere upande wa pili. Hamsini kwa mia isingewabeba watatu hao na nyumba juu yake.

Waganda wana kisa kinachokwenda kinyume. Zamani kila Kabaka wa Buganda alipofariki alihitaji sehemu mbili: mwili ulizikwa kwake, na mfupa wa taya ukajengewa hekalu lake kwingine. Mfalme mmoja, maeneo mawili. Muteesa wa Kwanza, aliyefariki 1884, alivunja desturi hiyo akazikwa Kasubi mwili mzima, na waliomfuata, Mwanga, Daudi Chwa na Muteesa wa Pili, wakaingia nyumba hiyohiyo. Wafalme wanne chini ya paa moja la nyasi, na hakuna aliyesema ufalme umedhalilika. Nyumba ile iliteketea Machi 2010, ikajengwa upya, na wafalme hawakuhamishwa.

Muda mfupi kuliko wote

Hong Kong ukizikwa kwa jeneza katika makaburi ya umma, una miaka 6. Ikiisha, familia inakuja kukufukua, na mifupa inachomwa ama kuhamishiwa mahali padogo. Singapore, tangu 1998, ni miaka 15, na makaburi yanayopokea watu wapya yamebaki Choa Chu Kang tu. Mengine mengi yamekuwa nyumba za kuishi.

Kabla hatujashangaa, twende Mombasa. Kikowani iko katikati ya kisiwa, imezungukwa na maduka na magari, na bado inapokea jeneza likabebwa tupu kurudi msikitini. Hapo ndipo penye siri: maiti huteremshwa kwa sanda, hulazwa katika mwanandani ubavu wa kulia akielekea kibla, mbao zikawekwa, udongo ukarudi. Hakuna sanduku la mvule, hakuna zege. Mwili ukishakuwa udongo, fikihi inaruhusu mwingine azikwe hapohapo. Kaburi ni la mtu kwa muda, kisha ni la umma tena, na kiwanja chenyewe mara nyingi ni wakfu ambao hakuna mrithi anayeweza kuuza.

Nikawaza makaburi mawili pale Subukia. Babu alizikwa kwa sanduku, juu ikamwagwa zege, ikapigwa lipu, ikapakwa chokaa. Bibi alipomfuata miaka kumi na moja baadaye mafundi walikuwa wameshajua vigae, kwa hiyo lake linang'aa, lina ukingo, na lina upana wa futi 6 kwa 10. Bibi alikuwa mwanamke mdogo. Futi 60 za mraba zile, sehemu kubwa ni simiti, na simiti haiozi. Tukiendelea kulaumu wafu kwamba wanatumalizia mashamba, tumwite fundi naye atoe ushahidi.

Kuna muda mfupi wa upande mwingine, yaani kati ya kifo na kaburi, na hapo namtaja Jenerali Francis Ogolla, aliyekuwa Mkuu wa Majeshi. Alifariki katika ajali ya helikopta 18 Aprili 2024, akazikwa Ng'iya, Siaya, tarehe 21, bila jeneza, kama alivyokuwa ameagiza. Siaya hiyohiyo ina kisa cha kinyume. Wakili S. M. Otieno alifariki 20 Desemba 1986, na mjane wake Wambui alitaka kumzika Upper Matasia, karibu na Ngong. Ukoo wa Umira Kager ukamtaka Nyalgunga. Walikutana Mahakama Kuu, wakakutana Mahakama ya Rufaa, taifa zima likafuata kesi magazetini, na marehemu akazikwa Nyalgunga 23 Mei 1987. Siku 154. Katika kesi yote ile hakuna aliyedai kwamba ardhi imepungua. Shamba la Matasia lilikuwepo, na la Nyalgunga lilikuwepo. Walichogombania ni neno "nyumbani", na mahakama ikalitafsiri.

Waliochagua moto

Baba mdogo ni Mwanglikana, kwa hiyo nilimwekea mtego. Nilimuuliza kama anamkumbuka Askofu Mkuu Manasses Kuria. Anamkumbuka vizuri, tangu akiwa askofu wa Nakuru miaka ya 1970. Nikamkumbusha kwamba mke wa askofu alichomwa 2002, na askofu mwenyewe akafuata njia hiyohiyo 2005, na waumini wengi wakapigwa butwaa. "Wale walikuwa wakubwa," akajibu. "Mkubwa akifanya jambo la ajabu anaitwa jasiri. Mimi nikifanya, watasema watoto walikosa pesa ya jeneza."

Sijapata jibu lililo bora kuliko hilo la kwa nini moto haujashika vijijini. Orodha ya waliochomwa Kenya inasomeka kama ukurasa wa watu mashuhuri: Wangari Maathai 2011, Kenneth Matiba 2018, Bob Collymore na mbunge Ken Okoth 2019. Maathai alikuwa amekataa kabisa mti ukatwe kwa ajili ya jeneza lake, kwa hiyo aliwekwa katika sanduku la mianzi, mafunjo na magugumaji, na majivu yake yakazikwa katika taasisi yenye jina lake ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Wahindu wa nchi hii wamechoma wapendwa wao kwa vizazi na hakuna aliyewauliza kwao ni wapi.

Kwa Wakatoliki, mlango ulifunguliwa 1963, Roma iliporuhusu maiti kuchomwa. Mwaka 2016 ikaongeza masharti: majivu yasitawanywe, yasiwekwe sebuleni, yahifadhiwe mahali patakatifu. Nayo Subukia ndiko kuliko madhabahu ya kitaifa ya Bikira Maria, ambako maelfu hupanda kila Oktoba wakiwa na rozari na mitungi ya kuchotea maji ya chemchemi. Mtu wa Kisumu ama wa Machakos anaamini kwamba ardhi ya Subukia ni takatifu ya kutosha kuifuata kwa basi usiku kucha. Wenyeji tunaona utakatifu huo unaishia kwenye ua wa michongoma wa kila mtu.

Nilirudi kwa baba mdogo wiki iliyofuata nikiwa na daftari zima. Nilimsomea Najaf, akaipenda. Nilimsomea Hong Kong, akaomba nisimsomee shangazi. Binti yake, ambaye ndiye atakayenunua tanki, alikuwa amesimama nyuma yetu na kijiti cha kuchorea mstari.

"Tanki likae pale," baba mdogo akasema hatimaye, akionyesha mahali alipokuwa amejipimia. Kisha akainua mkono kuelekea miparachichi miwili upande wa chini. "Mimi mtang'oa mmoja wa hiyo."

"Upi?" binti akauliza, kijiti kikiwa tayari mchangani.

Baba mdogo aliitazama miti kwa muda, wa kushoto, kisha wa kulia.

"Tungoje msimu," akasema. "Ule usiozaa."